Pudini ya Mkate wa Juzi: Haba na Haba Hujaza Kibaba cha Nani?

Mwanafunzi wangu mmoja alinisimamisha mlangoni mwa ukumbi wa mihadhara, baada ya kipindi kilichohusu mgogoro wa uchumi wa nchi yetu katika miaka ya 1980, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. “Mwalimu,” alisema, “kila kizazi kinaambiwa kifunge mkanda. Ni nani hasa anayepima viuno?” Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Jibu la kwanza la swali hilo nililipata nikiwa mtoto, uani kwa mama yangu, Kariakoo, mbele ya sufuria iliyopaliwa makaa juu na chini.

Ndugu msomaji, naomba uniruhusu leo nieleze siasa kwa njia ya pudini.

Kiporo kilichofufuka

Ilikuwa mwaka 1983. Nilikuwa na umri wa miaka mitano, na mengi ninayoyakumbuka nimeyakamilisha kwa masimulizi ya mama. Tuliishi katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, hatua chache kutoka Mtaa wa Sikukuu: ukumbi katikati, uani nyuma, na familia nne zikigawana bomba moja la maji. Mkate haukupatikana kila siku. Ulipopatikana, ulinunuliwa kwa kupanga foleni tangu alfajiri, na hakuna kipande kilichotupwa. Mama alikusanya ncha na makombo ya boflo, akayaanika juani yasiote ukungu, kisha akayahifadhi katika kopo tupu la maziwa ya unga. Kopo lilipojaa, tulijua kwamba siku hiyo kuna pudini.

Njia yake ilikuwa hii. Makombo ya kadiri ya vibaba viwili yaliloweshwa katika chai ya rangi iliyobaki asubuhi, yakalainika, kisha yakakamuliwa kwa mikono hadi maji yakaisha. Mayai hayakuwapo, hivyo ndizi mbivu mbili zilipondwa ili zishike mchanganyiko. Sukari ilipokosekana ilitumika sukari guru iliyokwanguliwa, au tende chache zilizosalia tangu Ramadhani. Siagi haikuwapo kabisa. Mahali pake palikuwa na tui zito la nazi moja. Viungo vilikuwa iliki, kijiti cha mdalasini na karafuu mbili zilizotwangwa. Vyote vilichanganywa, vikamiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta kidogo, sufuria ikafunikwa kwa bati, na makaa yakapaliwa kama ilivyo kwa mkate wa kumimina: machache chini, mengi juu. Baada ya muda wa kama saa moja mama alichoma katikati kwa chelewa. Ikitoka kavu, pudini imeiva. Ilikatwa vipande vya mraba ikishapoa, na kila mlango wa nyumba ile ulipelekewa sahani. Majirani waliiita mkate uliofufuka.

Pudini hiyo mama alifundishwa na baba yake. Babu alikuwa mpishi katika nyumba ya afisa wa Kiingereza huko Uzunguni, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katika Tanganyika ya wakati ule kazi ya upishi katika nyumba za Wazungu ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wanaume, na maarifa yake yalihama kutoka jiko hadi jiko kwa mdomo. Huko Nairobi, wake wa walowezi walikuwa wamekwisha kutoa kitabu cha mapishi mnamo mwaka 1928, chenye maelekezo ya Kiswahili ya kuwaamuru wapishi. Babu hakuwa na kitabu. Alishika kwa kutazama na kuonja, na aliporudi nyumbani jioni akamweleza bibi alichokiona. Bibi ndiye aliyeondoa maziwa na siagi akaweka tui.

Kwa hiyo pudini tuliyokula mwaka 1983 ilikuwa imezaliwa katika vita moja na kufufuliwa na matokeo ya vita nyingine. Ili kuielewa inatupasa tuanze kule ilikotoka.

Mgawo wa Waingereza

Pudini ya mkate ni chakula cha zamani cha watu maskini wa Uingereza, kilichobuniwa ili mkate mkavu usipotee. Vita ndiyo iliyoipandisha cheo hadi ikawa wajibu wa uraia. Tarehe 8 Januari 1940 serikali ya Uingereza ilianza kugawa kwa kadi nyama ya nguruwe iliyokaushwa, siagi na sukari. Baadaye zikafuata nyama nyingine, chai, majarini, jibini na vitu vingine vingi. Kwa kipindi kirefu cha vita sukari ilikuwa wakia 8 kwa mtu kwa wiki, yaani kama gramu 225, na yai lilikuwa moja kwa wiki kwa mtu mzima, kama lilipatikana. Kutoka Marekani ilikuja unga wa mayai yaliyokaushwa. Mwaka 1942 mkate mweupe uliondolewa madukani, ukaletwa mkate wa taifa, wa rangi ya kijivu, uliotengenezwa kwa unga usiochujwa sana ili meli zisibebe ngano nyingi kupita manowari za Kijerumani.

Waziri wa Chakula kuanzia Aprili 1940 alikuwa Lord Woolton, mtu aliyetoka katika biashara ya maduka makubwa. Alielewa kwamba amri peke yake haishibishi. Wizara yake ilichapisha vipeperushi vya mapishi, na redio ya BBC ilitangaza kila asubuhi namna ya kupika kwa vitu vichache: karoti iliyokwanguliwa badala ya sukari, viazi badala ya sehemu ya unga, makombo ya mkate badala ya keki. Kutupa chakula kinachofaa kuliwa kulifanywa kosa la jinai. Mama wa nyumbani aliyeokoa ncha ya mkate aliambiwa kwamba ameokoa nafasi melini, na nafasi hiyo ingebeba silaha.

Nisiwapake rangi. Wenye fedha waliendelea kula mikahawani bila kadi, ingawa tangu mwaka 1942 bei ya mlo mmoja iliwekewa kikomo cha shilingi 5. Soko la magendo lilikuwapo. Hata hivyo kiini cha mgawo ule kilikuwa rahisi kueleweka: mtu mzima wa kawaida alipewa kiasi kilekile, awe kuli wa bandarini au mwenye kiwanda, na hata familia ya kifalme ilikuwa na vitabu vya mgawo. Watoto na wajawazito waliongezewa maziwa. Matokeo yake, maskini wengi wa Uingereza walikula vizuri zaidi wakati wa vita kuliko walivyokula katika miaka ya 1930, na vifo vya watoto wachanga vilipungua kufikia mwisho wa vita. Mgawo ulidumu hadi tarehe 4 Julai 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha. Mkate wenyewe, ambao haukuwekewa kadi wakati wa vita, uliwekewa kadi wakati wa amani, kuanzia Julai 1946 hadi Julai 1948. Watu walinung'unika, lakini walivumilia, kwa sababu waliona kibaba kikipimwa mbele ya macho yao.

Hata hivyo pudini ya Waingereza haikuwa ya Waingereza peke yao. Mwaka 1927 Bodi ya Masoko ya Dola ilieneza kichocheo cha pudini ya Krismasi kutoka jiko la Mfalme, na kila kiungo kikaandikiwa koloni lake. Zabibu zilitoka Australia na Afrika Kusini. Karafuu ilitoka Zanzibar. Mtoto wa London aliyekula kijiko cha pudini hiyo aliila dola nzima, na wachumaji wa karafuu wa Pemba na Unguja walikuwamo kijikoni bila majina yao kutajwa.

Kariakoo, jina la wabeba mizigo

Sasa na tuvuke bahari, turudi katika mtaa ambao jina lake lenyewe limetokana na vita. Waingereza waliitwaa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo kubwa lililokusudiwa kuwa soko, wakapiga kambi wapagazi wa jeshi la Kiingereza, waliojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps. Ulimi wa wenyeji ukalainisha maneno hayo mawili yakawa Kariakoo. Soko lilifunguliwa hapo mwaka 1923, na jina la kambi likabaki kuwa jina la mtaa.

Watu waliohudumu kama wapagazi wa pande zote katika vita ile ya Afrika Mashariki hukadiriwa kufikia milioni moja. Upande wa Waingereza peke yake, waliokufa hukadiriwa kukaribia 100,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na malaria, nimonia, na zaidi ya yote kuhara damu. Mtu aliyezoea ndizi au muhogo alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika nusunusu kwa kukosa muda, kuni na chombo, kisha akabebeshwa mzigo mvuani. Posho iliyokusudiwa kumpa nguvu ikachana matumbo yake. Huko Ugogoni majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume, ukame ukafuata, na njaa iliyoanza mwaka 1917 wazee wakaiita Mtunya. Jina hilo lingali likitajwa kwa hofu.

Kwa hiyo Vita ya Pili ilipokuja, Kariakoo haikuwa ngeni kwa chakula cha vita. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele wa Burma uliokuwa ukilisha pwani yetu ukakatika. Mvua za mwaka huo na wa 1943 zikawa haba. Maelfu ya wanaume walichukuliwa jeshini, na maelfu wengine wakalazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na mpira, kwa kuwa mkonge na mpira wa Asia ulikuwa mikononi mwa Wajapani. Mashamba ya chakula yakapungukiwa mikono. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuanzisha mgawo Dar es Salaam.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mwanahistoria James Brennan, katika kitabu chake *Taifa* kilichotoka mwaka 2012, ameonyesha jinsi mgawo wa jiji hili ulivyopangwa kwa rangi za watu. Kwa ujumla Mzungu alihesabiwa kuwa mla ngano, Mhindi mla mchele, na Mwafrika mla mahindi. Tofauti za malazi zilikuwapo tangu Wajerumani: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Kariakoo na Ilala upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja. Mgawo ulizichukua tofauti hizo za mitaa ukaziingiza tumboni. Hebu fikiria, mtu wa pwani ambaye wali ni chakula cha harusi yake, cha msiba wake na cha Idi yake, angeipokeaje habari kwamba kwa mujibu wa kadi yeye si mla wali?

Ofisi za London zilizoamua kwamba kuli wa Liverpool na mwenye kiwanda wa Manchester wana matumbo yanayolingana zilikuwa sehemu ya dola ileile iliyoamua kwamba matumbo ya Dar es Salaam hayalingani. Na Dar es Salaam haikuwa mahali palipoumia zaidi. Huko Bengal, katika dola hiyohiyo na mwaka huohuo wa 1943, njaa iliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 3.

Babu alivuka Mnazi Mmoja kila siku, asubuhi akienda na jioni akirudi. Mama hunisimulia hivi: “Memsahibu alilalamika kwamba siagi haimtoshi, akamfundisha babu yako pudini ya makombo ili wavumilie. Babu yako akirudi hapa Kariakoo, bibi yako humuuliza unga uko wapi.” Makombo yenyewe yalikuwa ya ngano, na ngano ilikuwa ya upande wa pili wa uwanja. Pudini ya kwanza kupikwa nyumbani kwetu ilitokana na mabaki ya mkate ambayo babu aliruhusiwa kuondoka nayo. Yaani kubana matumizi kwa nyumba moja kulianza pale kubana matumizi kwa nyumba nyingine kulipoishia.

Watu hawakunyamaza milele. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, wakilalamikia mishahara iliyoachwa nyuma na gharama za maisha. Mgomo ukapanda reli ukaenea bara. Wanafunzi wangu wengi hulijua tukio hilo kama sura ya historia ya vyama vya wafanyakazi. Naomba walisome pia kama sura ya historia ya chakula.

Mafuta ya Kongwa

Mwaka huohuo wa 1947, Uingereza iliyokosa mafuta ya kupikia na majarini iliitazama ramani ya Tanganyika ikaona karanga. Wizara ya Chakula, iliyokuwa ikigawa siagi kwa wakia, sasa chini ya waziri John Strachey, ikapanga kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kupanda karanga. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita. Bandari ya Mtwara na reli yake vilianza kujengwa kwa ajili ya mpango huo.

Mvua za Kongwa ni chache, na udongo wake ukikauka huwa mgumu kama saruji. Wagogo waliokuwa wakiishi na mvua hiyo na udongo huo walikuwa na ujuzi, lakini ujuzi wao haukupewa uzito. Matrekta yaliharibika, karanga zilinyauka, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kupoteza pauni milioni 36. Nimepita Kongwa mara kadhaa, na kila nipitapo hukumbuka kwamba ardhi ile ilifyekwa ili pudini ya mbali ipate mafuta. Wakati huohuo bibi yangu, Kariakoo, alikuwa amekwisha kupata suluhisho la tatizo hilo kwa nazi moja.

Foleni ya mawe

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 tuliamini kwamba kibaba sasa ni chetu. Kwa mengi kilikuwa chetu kweli, na si haki kuisimulia miaka ya 1980 kama kwamba viongozi wetu walikuwa watawala wa kikoloni waliobadili ngozi. Ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kisha uvamizi wa Idi Amin mwishoni mwa 1978: mapigo hayo hayakuwa ya kujitakia. Askari wa Amin waliikalia ardhi ya Kagera na kupora mali, kikiwamo kiwanda cha sukari cha huko. Jeshi letu liliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na gharama za vita ile hukadiriwa kufikia dola milioni 500 za Marekani. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18.

Lakini yapo pia ya kujitakia, na mkate ni shahidi mzuri. Katika miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Usagishaji lilijengewa Dar es Salaam kiwanda cha mikate cha mitambo kwa msaada wa mkopo wa Kanada. Mchumi Andrew Coulson alikichambua katika sura iliyochapishwa mwaka 1979, na hoja yake inastahili kusomwa na kila afisa mipango. Viwanda vidogo vya mikate vilivyotumia mikono ya watu na fedha kidogo vingeweza kutoa mkate uleule kwa gharama ndogo zaidi na ajira nyingi zaidi. Tulichagua mtambo uliohitaji vipuri vya nje na fedha za kigeni. Fedha za kigeni zilipokauka, mkate nao ukaadimika.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye foleni. Mtu aliyechoka kusimama aliacha jiwe au tofali mahali pake, na mawe yale yaliheshimiwa kama watu. Nilitumwa mara kadhaa kulinda jiwe la mama. Bidhaa za kaya zilipitia maduka ya ushirika, na balozi wa nyumba kumi alijua kila kaya ina watu wangapi. Unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani wakazi wa jiji waliuita unga wa yanga, na mashabiki wa Simba walisema wanaula kwa shingo upande. Tulicheka, kwa kuwa kicheko hakikuwa na foleni.

Katika muundo wake mgawo wa miaka ile ulikuwa wa haki kuliko ule wa 1943. Haukuuliza rangi. Tatizo lilikuwa mlango wa nyuma. Mwenye jamaa katika kampuni ya biashara ya mkoa alipata katoni ya sabuni bila kuona foleni. Asiye na jamaa alirudi na jiwe lake. Watu wakabuni neno ndugunaizesheni, na neno hilo lilidhoofisha imani ya wananchi kuliko njaa yenyewe. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alianzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Maghala yalipekuliwa, na wakazi wa jiji husimulia jinsi bidhaa zilivyotupwa usiku ili zisikutwe. Wengi walishangilia, mama yangu akiwamo, na nawaelewa. Lakini sheria ya mwaka ule iliwanyima watuhumiwa dhamana na njia ya kawaida ya mahakama, na ndani ya muda mfupi, mwaka 1984, ilibidi ibadilishwe. Hasira ya haki ilipita katika chombo kisicho cha haki. Sokoine mwenyewe alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na mtaa wetu ulilia kama uliofiwa na baba. Mwaka huohuo wafanyabiashara waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na rafu za maduka ya Kariakoo zikaanza kujaa. Mishahara ya watumishi haikujaa pamoja nazo.

Kibaba kimoja

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu.

Kubana matumizi si dhambi. Mama aliyeanika makombo juani alikuwa na hekima ambayo nchi tajiri zinajifunza upya leo. Wahenga walituambia haba na haba hujaza kibaba, na hawakukosea. Walichoacha tukiulize wenyewe ni kibaba hicho kinajazwa nyumbani kwa nani. Waingereza walivumilia miaka 14 ya kadi kwa sababu, pamoja na dosari zake, kadi ya jirani ilikuwa kama yao. Watu wa Dar es Salaam waliukataa mgawo wa kikoloni mioyoni mwao kwa sababu uliwaambia kuwa wao ni tumbo la daraja la tatu. Sisi wa miaka ya 1980 tulivumilia sana kuliko inavyosemwa. Uvumilivu wetu uliisha pale tulipojua kwamba foleni ina mlango wa nyuma, na kwamba miezi 18 haina mwezi wa mwisho.

Wewe mtumishi wa umma unayesoma makala hii, huenda umewahi kuandika au kupokea waraka wa kubana matumizi. Kabla ya kuutia saini waraka ujao, jiulize kama kipimo kilichoandikwa humo kinamhusu pia anayeusaini. Uliza kama wanaojua udongo wa Kongwa wameulizwa safari hii. Uliza waraka unakoma lini, na nani atatangaza kwamba umekoma. Maswali hayo hayahitaji shahada ya uchumi. Yalijulikana kwa kila aliyesimama nyuma ya jiwe.

Nanyi wanafunzi na wanaharakati, msidhani habari hizi zimezikwa. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei ya ngano duniani, chapati na maandazi ya Kariakoo vilipanda bei au vikapungua ukubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngano yetu bado hutoka nje. Vita vya mbali vingali vinaingia sahanini mwetu kama vilivyoingia mwaka 1916 na mwaka 1943.

Nyumba yetu ya karibu na Mtaa wa Sikukuu haipo tena. Mahali pake pamesimama ghorofa. Jengo la soko alilolibuni Beda Amuli, na ambalo Mwalimu alilifungua mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Mama amepita miaka 70 na anaishi nje kidogo ya jiji. Juzi nilimkuta jikoni akivunjavunja ncha za mkate ndani ya kopo. Nilimwambia, mama, mkate siku hizi upo, na sukari ipo. Akanijibu, “Upo dukani, mwanangu. Hujaniambia kama upo kwa jirani.” Kisha akanituma nikamnunulie nazi.

Ombi langu kwako, msomaji, ni dogo. Katika nyumba yenu yupo mtu aliyesimama katika foleni ya 1983, na pengine yupo hata aliyesikia habari za mgawo wa 1943 kutoka kwa wazazi wake. Mwulize alikula nini, alikipata kwa nani, na jirani yake alipata kiasi gani. Andika majibu yake, tarehe na vipimo, kabla hajatutoka. Nyaraka za serikali zitatuambia ni tani ngapi zilizoagizwa. Kibaba kilipimwaje mlangoni, watatuambia wao.